Kutafuta namba inayokosekana kwenye mfuatano: mwongozo kamili

Niliandika ubaoni 1, 2, 4, nikachora pengo, nikauliza darasa hapa inakaa namba gani. Mtoto wa dawati la mbele akajibu nane bila kusubiri, maana kila namba ni mara mbili ya iliyoitangulia. Wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, mimi nimepata saba. Kwanza imeongezeka moja, halafu mbili, sasa inaongezeka tatu." Wenzake wakacheka. Nikawanyamazisha, kwa sababu wote wawili walikuwa sahihi. Kisha nikaongeza namba moja tu baada ya pengo:

1, 2, 4, __, 11

Hapo nane ikaanguka. Nane ukiizidisha kwa mbili unapata 16, lakini ubaoni pameandikwa 11. Saba ukiiongeza nne unapata 11 barabara. Ningeandika 16 badala ya 11, ingeanguka saba.

Namba iliyo ng'ambo ya pengo ni shahidi. Watu wengi wanaotatua maswali haya, watoto wa darasa la sita na la saba na hata watu wazima wanaojiandaa kwa usaili wa kazi, hutazama namba za kushoto tu, wakakisia, wakajaza, wakaendelea na swali lingine. Wanamwacha shahidi wa kulia bila kumhoji. Ukiuzoea utaratibu ulio hapa chini, hutajaza pengo lolote kabla hujasikia pande zote mbili.

Anza na karatasi

Usitafute jibu kichwani. Andika mfuatano kwenye mstari mmoja, acha nafasi ya vidole viwili kati ya namba na namba, na pengo lichore kama kisanduku. Juu ya kila namba andika nafasi yake: ya 1, ya 2, ya 3, na kuendelea. Pengo nalo lipewe nafasi yake. Chini acha mistari miwili au mitatu mitupu, utaihitaji kwa tofauti.

Kisha tazama mwendo wa namba kabla hujakokotoa chochote. Zikipanda au kushuka kwa hatua zinazolingana, kuna namba inayojumlishwa au kutolewa. Zikianza ndogo halafu zikavimba ghafla, fikiria kuzidisha au vipeo. Zikishuka kwa kasi mwanzoni halafu zikawa kama zinachoka, kuna kugawanya. Zikipanda na kushuka, kupanda na kushuka, kuna uwezekano mkubwa kwamba unatazama mifuatano miwili iliyosukwa pamoja. Kutazama huku kunachukua sekunde chache na kunakuokolea dakika.

Tofauti

Chini ya kila namba mbili zinazofuatana, andika ya pili kutoa ya kwanza. Chukua huu:

7, 12, 17, __, 27

Tofauti ni 5, 5, halafu pengo. Kutoka 17 hadi 27 ni 10, na kuruka pengo moja ni hatua mbili, kwa hiyo kila hatua ni 5. Namba ni 22. Kushoto kunasema 5, kulia kunasema 5, mashahidi wamekubaliana.

Sasa mapengo mawili:

4, __, __, 25, 32

Kutoka 4 hadi 25 ni 21. Nimesahihisha madaftari mengi ambamo mwanafunzi aliona mapengo mawili, akagawanya 21 kwa 2, akapata kumi na nusu, akachanganyikiwa. Hesabu hatua, usihesabu mapengo. Fikiria nguzo za uzio: nguzo nne zina nafasi tatu kati yake. Kutoka 4 hadi 25 kuna namba nne, kwa hiyo kuna hatua tatu. Ishirini na moja gawanya kwa tatu ni 7, na mapengo yanajazwa na 11 na 18. Shahidi wa kulia anathibitisha: 25 hadi 32 ni 7 pia. Ikumbuke hivi: idadi ya hatua ni idadi ya mapengo yaliyofuatana, ongeza moja.

Tofauti za tofauti

Mara nyingi mstari wa kwanza wa tofauti hautoi namba moja inayojirudia. Usikate tamaa na wala usianze kukisia. Shuka mstari mwingine, utafute tofauti za hizo tofauti.

3, 6, 11, 18, __, 38

Tofauti za kwanza ni 3, 5, 7, kisha hatujui. Tofauti zake ni 2, 2. Basi zinazofuata zinapaswa kuwa 9 na 11. Kabla ya kujaza, mhoji shahidi: kutoka 18 hadi 38 ni 20, na 9 jumlisha 11 ni 20. Pengo ni 27.

Mstari wa pili ukiwa na namba moja isiyobadilika, ndani ya mfuatano kuna kipeo cha pili. Mfuatano huu ni nafasi ikijizidisha yenyewe, ongeza 2: moja mara moja ongeza 2 ni 3, mbili mara mbili ongeza 2 ni 6, na nafasi ya tano ni 25 ongeza 2. Umefika kwenye 27 kwa njia mbili tofauti. Hii ndiyo faida ya kuandika nafasi juu ya kila namba. Mstari wa tatu ukiwa ndio usiobadilika, kuna kipeo cha tatu.

Mbinu hii si ya darasani tu. Charles Babbage, Mwingereza aliyetangaza mashine yake ya kukokotoa mwaka 1822, aliibuni juu ya wazo hili hili: majedwali marefu ya hesabu yanaweza kutengenezwa kwa kujumlisha tofauti peke yake, bila kuzidisha. Mtoto anayeandika tofauti chini ya mstari kwa penseli anafanya kazi iliyokusudiwa kwa magurudumu ya shaba.

Uwiano

Tofauti zikikua kwa kasi na zisitulie hata ukishuka mstari, acha kutoa, anza kugawanya. Gawa kila namba kwa iliyoitangulia.

3, 6, 12, __, 48

Kila namba ni mara mbili, pengo ni 24. Kwa mfuatano wa kuzidisha kuna njia ya mkato: zidisha majirani wawili wa pengo, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kumi na mbili mara arobaini na nane ni 576, na kipeuo chake cha pili ni 24. Inafaa sana pale namba zinapokuwa kubwa au za desimali.

Uwiano wenyewe unaweza kuwa na mpangilio wake. Huu hapa ukikaa Tanzania unatembea nao mfukoni, sarafu na noti:

50, 100, 200, 500, __, 2000, 5000, 10000

Uwiano ni 2, 2, 2.5, kisha pengo, kisha 2.5, 2. Ukitazama haraka unaona vurugu. Ukiusoma kwa makundi ya tatu, unasema "mara mbili, mara mbili, mara mbili na nusu", halafu unaanza upya. Pengo ni 1000, na mpangilio unaendelea vizuri: 1000 mara mbili ni 2000, 2000 mara mbili na nusu ni 5000, 5000 mara mbili ni 10000. Huwa ninaanza somo la uwiano na mfano huu, kwa sababu mtoto aliyetumwa dukani tayari anajua jibu, kilichobaki ni kueleza kwa nini.

Kuzidisha na kuongeza kwa pamoja

2, 5, 11, 23, __, 95

Uwiano haulingani. Tofauti ni 3, 6, 12: hizo ndizo zinazozidishwa kwa mbili. Ukiona tofauti zinajizidisha hivyo, kanuni ni kuzidisha kwa namba hiyo, kisha kuongeza au kutoa kitu. Hapa ni mara mbili, ongeza moja. Ishirini na tatu mara mbili ongeza moja ni 47, na 47 mara mbili ongeza moja ni 95.

Njia nyingine ni kuondoa kilichoongezwa. Kuna mfuatano mmoja wa kweli ambao watu waliukodolea macho kwa miaka mingi, nao una pengo:

4, 7, 10, 16, __, 52, 100

Ni umbali wa sayari kutoka kwenye Jua, kwa kipimo ambacho umbali wa Dunia ni 10: Zebaki 4, Zuhura 7, Dunia 10, Mirihi 16, Mshtarii 52, Zohali 100. Ni makadirio, umbali halisi wa Mirihi uko karibu na 15, wa Zohali karibu na 95. Jaribu kutoa 4 kila mahali:

0, 3, 6, 12, __, 48, 96

Sasa linaonekana waziwazi. Ukiiacha sifuri ya mwanzo, kila namba ni mara mbili ya iliyotangulia, pengo ni 24. Rudisha 4, unapata 28. Wajerumani wawili, Johann Titius mwaka 1766 na Johann Bode mwaka 1772, ndio waliouandika mpangilio huu, na swali likabaki angani: katika umbali wa 28, kati ya Mirihi na Mshtarii, kuna nini? Tarehe 1 Januari 1801, huko Palermo, Italia, mwanaastronomia Giuseppe Piazzi akaona kitu kidogo kinachosogea. Kikaitwa Ceres. Umbali wake kutoka kwenye Jua, kwa kipimo kile kile, ni karibu 27.7.

Ninaposimulia hili darasani, hata wale wanaosema Hisabati haiwahusu huacha kuchezea kalamu.

Namba zinazopanda na kushuka

5, 40, 8, 35, 11, __, 14, 25

Piga mstari chini ya namba za nafasi witiri, duara kwenye za nafasi shufwa. Za witiri ni 5, 8, 11, 14, zinaongezeka tatu. Za shufwa ni 40, 35, pengo, 25, zinapungua tano. Pengo ni 30.

Lakini kupanda na kushuka kunaweza pia kuwa mfuatano mmoja wenye kanuni mbili za kupokezana:

4, 8, 5, 10, 7, __, 11

Mara mbili, toa tatu, mara mbili, toa tatu. Pengo ni 14, na 14 toa 3 ni 11. Jaribu kwanza kutenganisha. Ikishindikana, tafuta kupokezana.

Namba zinazozaliwa na zilizotangulia

2, 5, 7, 12, 19, __, 50

Tofauti ni 3, 2, 5, 7. Tazama vizuri: baada ya ile 3 ya kwanza, tofauti zimekuwa mfuatano wenyewe, 2, 5, 7. Hiyo ni alama isiyodanganya kirahisi: kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia. Kumi na mbili jumlisha kumi na tisa ni 31, na 19 jumlisha 31 ni 50. Familia hii inajulikana kwa jina la Fibonacci, yaani Leonardo wa Pisa, aliyeweka swali la sungura wanaozaana katika kitabu chake cha mwaka 1202, ingawa wataalamu wa mashairi wa India walikuwa wameshazijua namba hizo kabla yake.

Nyuso za kukariri

Baadhi ya namba ni kama ndugu, ukiwajua kwa sura hupotezi muda. Kariri vipeo vya pili hadi 400 (1, 4, 9, 16, 25, 36 na kuendelea), vipeo vya tatu hadi 1000 (1, 8, 27, 64, 125, 216…), namba za pembetatu (1, 3, 6, 10, 15, 21…) na namba tasa hadi 50 angalau. Namba tasa ndizo zinazowatesa wengi, maana tofauti zake hazina mpangilio wowote: 13, 17, 19, __, 29 hutaitatua kwa kutoa. Ukishindwa na tofauti, jiulize kama kila namba inagawanyika kwa moja na kwa yenyewe tu. Pengo ni 23.

Watunga mitihani hupenda kuwavisha hawa ndugu nguo nyingine. 0, 3, 8, 15, __, 35 ni vipeo vya pili vilivyopunguzwa moja, pengo ni 24. 2, 9, 28, 65, __, 217 ni vipeo vya tatu vilivyoongezwa moja, pengo ni 126.

Sehemu

Ukikutana na mfuatano wa sehemu, shughulikia kiasi (namba ya juu) peke yake na asili (namba ya chini) peke yake. Na ukikwama, kumbuka kwamba huenda kuna sehemu zilizorahisishwa, na kurahisisha kumefuta nyayo.

9/5, 4/3, 25/21, __, 49/45

Viasi ni 9, 4, 25, 49. Hiyo 4 inashuka bila sababu. Zidisha 4/3 juu na chini kwa 4, upate 16/12. Sasa viasi ni 9, 16, 25, pengo, 49: vipeo vya pili vya 3, 4, 5, 6, 7. Asili ni 5, 12, 21, pengo, 45, na kila moja ni kiasi chake kutoa 4. Pengo ni 36/32, yaani 9/8.

Sehemu hizi sikuzibuni mimi. Johann Balmer, mwalimu wa shule huko Basel, Uswisi, alizipata mwaka 1885 akiwa na umri wa miaka 60, kutokana na urefu wa mawimbi ya mistari minne ya mwanga wa haidrojeni: nanomita 656, 486, 434 na 410 hivi. Kila mmoja aliupata kwa kuzidisha namba moja, karibu 364.6, kwa 9/5, 4/3, 25/21 na 9/8. Alichofanya ni hiki ulichofanya sasa hivi: kukataa kurahisisha. Kwa 49/45 kanuni yake ilionyesha mstari karibu na 397, na mstari huo upo.

Pengo likiwa mwishoni

Hapa ndipo ninapoomba uangalifu zaidi, maana pengo la mwishoni halina shahidi wa kulia. Chora duara, weka nukta kwenye ukingo wake, ziunganishe zote kwa mistari iliyonyooka, uhesabu vipande vilivyomo ndani. Nukta moja, kipande 1. Nukta mbili, vipande 2. Tatu, 4. Nne, 8. Tano, 16. Nukta sita je? Kila mtu anasema 32. Chora uhesabu kwa kidole: hata ukiziweka nukta ili upate vipande vingi iwezekanavyo, ni 31.

Mpangilio wa sayari nao uliumia mahali hapo hapo. Uranus ilipogunduliwa mwaka 1781, kanuni ilisema 196 na umbali ulikuwa karibu 192, watu wakafurahi. Neptune ikaja mwaka 1846. Kanuni ilisema 388, umbali ni karibu 301.

Kwa hiyo pengo likiwa mwisho, dai ushahidi zaidi upande wa kushoto. Kanuni ya kujumlisha ithibitike kwenye tofauti tatu, na ya vipeo iwe na angalau tofauti tatu za mstari wa pili zinazolingana. Kanuni mbili zikikubali zote, chagua iliyo rahisi kueleza kwa sentensi moja; ndiyo ambayo mtunga swali alikuwa nayo kichwani.

Na kama namba ni za matukio, uliza tukio. Miaka ya uchaguzi mkuu wa Kenya: 1992, 1997, 2002, 2007, __, 2017, 2022. Hesabu inasema 2012, na mashahidi wa pande zote wanaapa hivyo. Uchaguzi ulifanyika Machi 2013.

Fanya haya kwa mkono wako

a) 9, 16, __, 30, 37
b) 81, 27, __, 3, 1
c) 6, 7, 9, 12, __, 21
d) 50, 3, 45, 6, 40, __, 35, 12
e) 3, 4, 7, 11, __, 29
f) 1/2, 1/2, 3/8, __, 5/32
g) 5, 8, 14, 26, __, 98

Majibu: (a) 23, kwa kuongeza 7. (b) 9, kwa kugawanya kwa 3. (c) 16, tofauti ni 1, 2, 3, 4, 5. (d) 9, mifuatano miwili. (e) 18, jumla ya mbili zilizotangulia. (f) 1/4: ya pili iandike 2/4, viasi ni 1, 2, 3, 4, 5 na asili ni 2, 4, 8, 16, 32, kwa hiyo pengo ni 4/16. (g) 50, mara mbili toa mbili. Na ukitoa 2 kila mahali utakutana na 3, 6, 12, 24, 48, 96, namba zile zile zilizompa Ceres nafasi yake.